Ugali wa Nyumba ya Othmar

Jumatatu, 15 Februari 1999

Othmar, mume wangu usiye na haya, umepotea mpaka mbwa aliyekuwa anakujua amekufa, na huyu aliyekuja badala yake atakubwekea kama mwizi. Tangu tumzike babu yako hujakanyaga huku. Unatuma sukari, unatuma kanga. Sukari nimeinywa, asante, lakini sukari hainiulizi nimeamkaje. Mjukuu mzima, miguu yote miwili, basi la Songea linaondoka kila siku, na mimi nakaa hapa Matiri naongea na kanga.

Umeagiza niandike msimu wote wa ngolo, haya mashimo yetu ya kulimia mlimani, nani anakata nyasi, nani anafukia, mvua imenyeshaje, ili utie kwenye kitabu chako. Nitaandika. Darasani sikukaa hata siku moja, hilo unalijua. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo, ndani ya banda la kahawa, mwalimu akitufokea kama watoto. Kwa hiyo usinisahihishe. Na sitaandika nyasi tu. Ukitaka nyasi tu, kaulize mbuzi.

Leo mvua. Hakuna aliyekwenda shamba.

Jumatano, 17 Februari

Siku ya Majivu. Padri alinipaka majivu mengi kuliko wengine, sijui amesikia nini. Kwaresima imeanza, na mimi nyama nilikuwa siipati hata kabla yake.

Isidori ameanza kukata nyasi upande wa kijito na vijana wake. Huyu shemeji yangu, mdogo wa babu yako, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na anatembea kama mtu aliyemeza fimbo.

Ijumaa, 19 Februari

Mvua. Maharage. Mvua.

Jumapili, 21 Februari

Leo ni mengi, kaa chini.

Baada ya misa watu hawakutawanyika. Mwalimu Elias wa shule ya msingi, yule mtu wa Mara, alikuwa amesimama mbele ya duka na gazeti, anasoma kwa sauti ya darasani. Nikasogea nikidhani ni bei ya kahawa, maana tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori yao, kila mtu anatega sikio. Kumbe bei ni wewe.

Limeandikwa jina lako na la baba yako. Kwamba msomi mmoja wa Mbinga alisimama kwenye mkutano Dar es Salaam akatetea mashoga. Kwamba ulisema wanaume wanaopendana wapo, ni Watanzania, wanaugua kama wengine, na wauguzi wakiwafukuza wanaenda kufia majumbani. Kwamba ulitaka sheria inayowafunga ifutwe. Kwamba mradi wa UKIMWI uliokuajiri umekuondoa. Na mwisho gazeti linauliza, mbona hana mke?

Mwalimu Elias aliponiona akalikunja.

"Shikamoo, Bibi Otilia."

"Marahaba. Malizia."

"Bibi, maneno yenyewe si mazuri."

"Umewasomea wote hawa, mwenye mjukuu ndiye asisikie? Malizia."

Akamalizia haraka, kama mtu anayekunywa dawa chungu. Mmoja nyuma akacheka. "Ndiyo maana alikuwa anakaa na wanawake kwenye ngolo!"

Nikageuka. Placidi, wa ukoo wetu huu huu. Nikamwambia, "Na wewe ulikuwa unakaa wapi, baba? Kilabuni. Ngolo zako mkeo alikata nyasi mwenyewe, akazipanga mwenyewe, akafukia mwenyewe." Watu wakamcheka yeye. Lakini njia ya kurudi nyumbani nilitembea peke yangu, na siku zote huwa tunarudi kundi.

Nimekaa nikakumbuka. Kweli ulikuwa unakaa na sisi. Wanaume wakishakata nyasi na kuzipanga miraba mlimani, wanakwenda zao, sisi tunabaki kuzifunika udongo na kuacha shimo katikati, na wewe mtoto mdogo umechuchumaa pembeni unauliza: Bibi, kwa nini shimo? Kwa nini wanaume hawafukii? Nani alisema? Nikakujibu, waliotutangulia. Ukauliza, walimwambia nani? Nikakurushia bonge la udongo.

Maswali hayo hayo yakakupeleka chuoni Mlimani. Jina la kazi yako, anthropolojia, linanishinda mdomoni; mimi nawaambia watu unasomea watu. Ulirudi na karatasi na redio ya kunasa sauti, ukaandika ngolo zetu na sengu yetu, ukoo unavyokula pamoja na kuamua mambo yake, Isidori akajisifu mpaka Mbuji kwamba ukoo wake uko kitabuni. Hapo ulikuwa mtoto wa wote. Halafu baba yako Vitalis akarudi kutoka kazini mgonjwa, akakonda, watu wakaacha kushika kikombe chake. Ukaacha mashimo ukaenda kusomea ugonjwa ule. Sikushangaa. Na kwenye ugonjwa ukawakuta hao ambao hakuna aliyekuwa anawauliza chochote, ukawauliza, wakakujibu. Sasa limetoka gazetini.

Mimi sishangai hata kidogo. Ila ungeniambia mwenyewe, siyo Mwalimu Elias.

Jumatatu, 22 Februari

Pankras amekuja. Ninyi wawili nyote ni wajukuu zangu, nyote nawaita mume, lakini leo huyu alikuja kama karani. Alikataa kigoda.

"Bibi, nataka sengu ikae."

"Ikae kwa lipi?"

"Kwa kipande cha Baba Mdogo Vitalis. Kile cha kando ya kijito, na kahawa yake."

"Kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi? Sengu ni ya nyumba. Kila nyumba inaleta ugali wake, tunakula, tunasema. Nyumba isiyoleta ugali haina neno. Othmar hana mke, hana moto, hana nyumba. Na baada ya lile gazeti, hatakuwa nayo."

Nikamwambia moto anaoutaja ni huu ninaoupulizia mimi, na sengu inakaa kwangu kwa sababu babu yake alikaa hapa. Akasema ameshaongea na Isidori. Siku imepangwa: Jumamosi ya mwisho wa Machi, ngolo zikiisha.

Nilimfukuza na mwiko. Mwiko ulikuwa na uji, shati lake likachafuka. Emerensiana mkewe atanilaumu kwa kufua.

Kwa hiyo ujue. Ukikosa ugali siku hiyo, huna tena mahali kwenye ntambo huu, mlima wetu wa ukoo. Siyo shamba tu. Ukija utakuja kama mgeni, utaulizwa unakwenda kwa nani.

Alhamisi, 25 Februari

Nyasi zimekauka upande wa Isidori. Wamepanga miraba. Wanawake tunaanza kesho.

Ijumaa, 26 Februari

Mgongo.

Jumanne, 2 Machi

Amekuja mtu wako.

Nilikuwa napepeta mahindi. Kijana mrefu, begi begani, mguuni viatu vya mjini, matope mpaka magotini. Akapiga magoti kwenye matope yale yale. "Shikamoo, Bibi. Naitwa Justin. Natoka kwa Othmar."

Sauti ya mtu wa ziwani, nikaijua. Kwao Liuli, akasema, alikuja kumwuguza mama yake, mama amepata nafuu, ndipo akapanda huku juu kwa lori la dagaa. Alileta kisalfeti cha unga wa muhogo na samaki waliokaushwa, mbasa, wanono, mlimani huku hatujawaona tangu mvua zianze.

Nikampa maji. Nikamwuliza, "Wewe ni nani kwa Othmar?"

"Rafiki yake, Bibi."

"Rafiki wa salamu au rafiki wa nyumbani?"

Akaangalia viganja vyake. Vina alama za sindano, ni fundi cherehani. "Wa nyumbani," akasema. "Tunaishi pamoja, mwaka wa sita sasa."

"Anakula?"

"Anakula. Ila akianza kuandika anasahau."

"Akisahau unafanyaje?"

"Naweka sahani juu ya karatasi zake, Bibi. Hapo hawezi kuandika."

Othmar, sikudanganyi. Jambo lenu silielewi. Nilimwuliza Bikira Maria, hajanijibu, naye ana kazi nyingi. Lakini mtu anayekuwekea sahani juu ya karatasi namwelewa, maana babu yako nilimlisha hivyo hivyo, yeye na hesabu zake za kahawa.

Nikamwambia, "Othmar ni mume wangu, hilo kila mtu hapa analijua. Kwa hiyo wewe ni mke mwenzangu, na mimi ndiye mkubwa. Ndoo ile pale."

Alicheka mpaka akalia, kisha akalia bila kucheka. Kisha akaenda kuchota maji. Mengi aliyamwaga njiani. Watu wa ziwani hawajui kupanda na ndoo.

Alhamisi, 4 Machi

Justin ametuchekesha. Asubuhi akachukua jembe, akapita wanaume wote waliokuwa na nyasi, akaja moja kwa moja kwetu wanawake, akaanza kufukia.

"Wewe kijana," Emerensiana akamwita, "wanaume wako kule. Huku ni kwa wanawake."

"Kwetu ziwani, dada, mwenye jembe analima."

"Basi vaa kanga kabisa!"

"Kanga ninazipinda mimi. Hiyo yako aliyeipinda alikuwa amelewa."

Emerensiana akaangalia pindo lake, likawa kweli limekwenda upande, wanawake wakakaa chini kwa kucheka. Baadaye nikamwona Emerensiana anamwonyesha Justin namna ya kukandika kingo. Ngolo zake za kwanza zilibomoka zote. Nikamfanyisha upya. Andika hiyo kwenye kitabu chako: mwanaume anaweza kufukia, ila vibaya.

Jumamosi, 6 Machi

Mvua kubwa. Mashimo yamejaa maji, udongo haukuondoka. Hata ya Justin mawili yamesimama.

Jumanne, 9 Machi

Pankras amejua. Sijui nani kamwambia, labda hakuna, macho anayo. Alikuja wakati Justin anashona shati la Isidori uani.

"Bibi, huyu ndiye?"

"Ndiye nani?"

"Usinifanye mtoto. Huyu ndiye aliyeko na Othmar?"

"Huyu ni mgeni wangu. Anashona. Una kitu cha kushona?"

"Naweza kwenda Mbinga, Bibi. Polisi wako. Sheria ipo."

Nikaweka chini ungo. "Nenda. Utaanza kuniandikisha mimi, Otilia, ndiye niliyemlaza ndani na kumpa blanketi la babu yako. Kisha uwaambie wapandie wapi, maana gari lao mlangoni kwangu halifiki, utabidi unibebe mgongoni. Na mimi nimenenepa."

Hakucheka. Akaondoka.

Justin alikuwa ameshaanza kufunga begi. Hata kifungo kilimshinda. "Bibi, nitakuletea matatizo. Dar tumelala nyumba tofauti wiki nzima baada ya gazeti. Walitupia mawe bati. Othmar anahama hama na vitabu vyake."

Hukuniambia mawe. Uliniambia "kazi imepungua kidogo". Kidogo!

Nikamwambia akae hadi sengu. Akikimbia leo, Pankras atasema nyumba ya Othmar ndiyo imekimbia. Akakaa. Hakula siku hiyo.

Ijumaa, 12 Machi

Hakuna polisi. Tumefukia upande wa juu.

Jumatatu, 15 Machi

Nilikwenda kwa Isidori. Nikamwambia siku ya sengu nitapika vyungu viwili, kimoja cha nyumba yangu, kimoja cha nyumba ya Othmar.

"Haiwezekani, shemeji. Ugali unapikwa na wa nyumba ile, unaletwa na wa nyumba ile. Wewe unajua kuliko mimi."

"Najua. Nilitaka kujua kama bado unajua."

"Mimi sina ugomvi na kijana. Lile gazeti limenitia aibu mpaka parokiani. Mwenyekiti wa walei, naulizwa habari za mashoga!" Akavuta ugoro. "Na hilo shati nililoshonewa, nani alimwambia mimi nina bega moja chini?"

"Aliona."

Limemkaa vizuri lakini.

Nilirudi nikamweleza Justin kwamba imeshindikana. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Nyumba ya Othmar ni pale ninapopika mimi, Bibi. Nitapika, nitapeleka."

"Mwanaume kupeleka ugali kwenye sengu? Haijapata kuonekana."

"Watanipiga?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Sijui."

"Othmar alisema mbele ya mkutano, waandishi wamejaa, huku anajua kazi itaondoka. Mimi nitashindwa kubeba sahani?"

Nikamwacha. Nikaenda kuangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ijumaa, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Maharage tumeanza kupanda juu ya matuta ya ngolo. Pankras amepanda kwenye kipande chako mistari ya pembeni, kama mtu anayeonja chakula cha mwingine. Nimemwona, naye ameona kwamba nimemwona.

Jumatano, 24 Machi

Mvua zinapungua. Pankras amechinja mbuzi wake mkubwa kwa ajili ya Jumamosi. Anataka wazee wale washibe upande wake.

Alhamisi, 25 Machi

Isidori ametuma mtu mchana. Jumamosi ameitwa Mbinga kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa, hawezi kukosa. Sengu itakaa kesho.

Haukupita muda, Emerensiana huyo mlangoni, anahema.

"Bibi, kesho ni Ijumaa."

"Najua."

"Ya Kwaresima."

"Hiyo nayo najua."

"Mbuzi ameshachinjwa. Pankras anasema Babu Isidori atatoa ruhusa."

"Isidori? Yule anayemtoa mtu kwenye kwaya kwa kutafuna bigijii?"

Tukatazamana. Yeye ndiye alianza kucheka. Kisha akaziba mdomo, kwa sababu ni mume wake, na ni mbuzi wake pia.

Ijumaa, 26 Machi

Ninaandika yote, nisubiri.

Wazee wamekaa kwangu kuanzia mchana, wanaume wa ukoo kwenye mikeka ndani, sisi wanawake mlangoni na uani. Nyumba zikaanza kuleta. Wengi maharage, wengine mlenda, mmoja uyoga. Emerensiana akaleta ugali mweupe wa mahindi na beseni la mbuzi, linanukia mpaka mbwa wamejipanga. Akaweka mbele ya Isidori.

Isidori akaliangalia beseni kama anavyoangalia kijana aliyechelewa misa. "Leo siku gani?"

"Ijumaa, Babu," Pankras akasema. "Lakini kwa sababu siku ilibadilishwa..."

"Aliyebadilisha siku ni mimi. Kwaresima sikuibadilisha. Funika."

Beseni likafunikwa. Nikaona mabega ya Pankras yakishuka, na kusema kweli moyo uliniuma, maana mbuzi yule aliwafugia watoto.

Ndipo Justin akaingia.

Alikuwa amevaa shati safi, viatu ameviacha nje. Mkononi sahani kubwa, ugali wa muhogo, wa kijivu, unavutika, umelainishwa juu kwa maji kama wanavyofanya kwao, na bakuli la mbasa kwenye mchuzi. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye majani ya mgomba. Alipiga magoti, akaweka mbele ya Isidori, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Ugali wa nyumba ya Othmar."

Pankras akasimama. "Huu ni uchafu! Mbele ya wazee! Bibi, umemwachia huyu..."

"Kaa," Isidori akasema.

"Mnajua huyu ni nani? Mnajua anaishi na Othmar namna gani?"

"Nimesema kaa, Pankras. Mimi ni mzee, siyo kipofu. Alinipima bega."

Placidi akacheka kwa bahati mbaya, akaangaliwa, akaacha.

Isidori akamgeukia Justin. "Wewe kwenu wapi?"

"Liuli, Babu."

"Mwanglikana."

"Ndiyo, Babu."

"Samaki hawa nani kakausha?"

"Mama yangu."

"Ugali huu nani kapika?"

"Mimi."

Isidori akanyoosha mkono wamnawishe. Hakuna aliyesogea na maji, vijana wote wamegeuka mawe. Nikaingia mimi, Othmar, mwanamke katikati ya sengu, nikachukua jagi nikamnawisha shemeji yangu. Vidole vyake baridi. Akamega ugali wa muhogo, akauviringa, akachovya, akala. Akatafuna muda mrefu, tunamwangalia koo. Akamega tena.

Kisha akasema, na haya ninayaandika kama yalivyotoka: "Msidhani nimekula kwa njaa, na msidhani nimekula kwa kutojua. Lile gazeti silielewi na sitaki kulielewa. Kanisa lina neno lake na mimi ni mtu wa kanisa. Lakini Vitalis alipokuwa anakufa kwenye chumba kile, ninyi mlikuwa mnamwekea chakula kizingitini kama mbwa. Mimi niliingia, nikala naye sahani moja kila Jumapili, mkaniambia nitakufa. Niko hapa. Sasa mtoto wa Vitalis ameleta chakula, mniambie nisile? Nani anataka kula, ale. Asiyetaka, asile. Ila asiseme nyumba hii haikuleta."

Mimi sikujua, hakuna aliyeniambia. Jumapili nilikuwa nakwenda misa ya pili, namwacha baba yako amelala, narudi nakuta sahani safi, nikidhani amekula mwenyewe. Miaka yote hii nimemwona shemeji yangu mtu wa jiwe. Nimekaa naye ntambo mmoja tangu nikiwa bibi harusi na sikumjua.

Wengine wawili wakanyoosha mikono. Mzee mmoja akatoka nje, akatema mate, hakurudi. Waliobaki wakala maharage yao na macho chini. Pankras hakula chochote. Placidi alikula mbasa mpaka mwiba ukamkwama.

Neno la sengu, alilitoa Isidori baada ya kunawa: Kipande cha Vitalis kinabaki cha Othmar. Lakini sengu haili na barua wala haili na mwakilishi kila mwaka. Ngolo zijazo Othmar aje mwenyewe, akate nyasi zake kwa mkono wake, akae mkekani, aulizwe, ajibu. Asipokuja, Pankras atalima, na hakuna atakayerudisha.

Umesikia? Hujasamehewa. Umeitwa.

Jumamosi, 27 Machi

Justin ameondoka na gari la asubuhi. Isidori alikuwa kwenye gari hilo hilo akienda Mbinga kwenye mkutano wake. Wamekaa viti viwili tofauti, ila nimeona Isidori ameshika begi la Justin magotini kwa sababu nyuma kulijaa magunia.

Nimelala mchana.

Jumatano, 31 Machi

Maharage yameota. Pankras ananipita njiani kama mti.

Jumapili, 4 Aprili

Pasaka. Pankras amekuja na mguu wa mbuzi yule. Emerensiana alimkausha kwa moshi, hakuharibika. Safari hii alikaa.

"Bibi, unanichukia."

"Nakuchukia tangu asubuhi mpaka saa sita, kisha nachoka."

Akainama. "Nina wavulana watano. Ntambo hauongezeki. Juu kuna msitu, chini kuna kijito, kahawa wanunuzi wanatuchezea. Nitawagawia nini? Kila mmoja shimo moja la ngolo? Othmar ana Dar es Salaam nzima."

"Othmar Dar es Salaam nzima inamtupia mawe."

Hakujua. Niliona usoni kwamba hakujua. Akachuma majani chini. "Mawe kweli?"

"Juu ya bati. Usingizini."

"Mimi sikutaka apigwe mawe," akasema. "Nilitaka shamba."

Othmar, nilikuwa nimemwandika huyu kama mwizi, rudi nyuma usome. Ni baba wa watoto watano kwenye mlima usioongezeka. Bado nina hasira naye, kwa ule mdomo wake wa polisi. Nimempa nusu ya nyama arudi nayo.

Jumamosi, 10 Aprili

Mvua zimekwisha. Asubuhi kuna ukungu, kahawa inaanza kunenepa. Msimu wako umeandikwa. Nyasi zimo, ukizitafuta.

Sasa sikiliza utakavyokuja. Uje Februari, nyasi zikiwa bado mbichi, na uje mchana, ushuke mbele ya duka, watu wakuone unashuka. Usipite njia ya kijito kama mgonjwa. Mwalimu Elias akiwepo, msalimie kwa jina. Nenda kwanza kwa Isidori, umpe shikamoo ukiwa umechuchumaa, na akikuuliza jambo lolote mjibu kweli, kwa kifupi, usimhutubie. Kisha nenda kwa Pankras kabla hujafika kwangu. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba sehemu ya chini ya kipande, ile yenye unyevu, wanawe walime maharage mwaka hadi mwaka, ila kahawa ni yako. Useme Emerensiana akiwa anasikia, maana yeye hasahau.

Halafu ndiyo uje kwangu. Justin aje nawe, alete unga wake, na apike yeye. Wewe kanoe mundu.